Gharama ya Kingo za Daraja

Dominika ya 23 ya Mwaka C. Injili: Luka 14:25-33



Injili tuliyosomewa leo inatuonyesha mtu mwenye nia ya kujenga mnara. Bwana wetu anauliza kama yuko yeyote awezaye kuianza kazi ya namna hiyo pasipo kukaa chini na kuzipiga hesabu zake, ili ajue kama fedha alizo nazo zitamfikisha mwisho. Asipofanya hivyo atauweka msingi, fedha zitamwishia, na majirani watamfanya kichekesho cha kijiji. Aghalabu mfano huu huelezwa kuwa ni fundisho juu ya gharama ya kumfuata Kristo, na ndivyo ulivyo. Lakini leo tunapenda kukaa kitambo na mjenzi mwenyewe. Bwana hakumchukua mjenzi kwa bahati tu. Alilelewa katika nyumba ya seremala, na bila shaka alikwisha kuziona kuta zilizoishia nusu na kuwasikia watu wakizicheka.

Sisi nasi, watu wa Tarime na Serengeti, tumeziona. Tumeona kuta za zahanati zilizoota nyasi kabla ya kuezekwa, na nguzo za darasa zilizosimama mvua mbili tatu zikingoja bati. Majengo hayo huchekwa, na kicheko hicho kina faida yake, kwa maana huwasukuma viongozi na wananchi kuyamalizia. Kuna kazi moja, hata hivyo, ambayo ikiachwa nusu haichekwi na mtu. Ni daraja lisilo na kingo. Daraja la namna hiyo huonekana limekwisha. Sakafu yake ni ya zege, magari yanapita, utepe umekatwa, na watu wamepiga makofi wakaenda zao. Hakuna apitaye akasema, "Tazama, mtu huyu alianza kujenga." Nalo linabaki hivyo, pembeni pakiwa wazi, mpaka siku mtu atakapoanguka.

Jambo hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo: kingo za daraja, na zile gharama ambazo huyapita makadirio hata kingo zenyewe zikaachwa.

Wilaya zetu mbili zimegawanywa na Mto Mara, na tunaweza kusema pia kwamba zimeunganishwa nao. Mto huu huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha hushuka hadi Ziwa Viktoria. Barabara itokayo Tarime kwa njia ya Nyamongo kwenda Mugumu huuvuka mto huo, na kule chini karibu na ziwa barabara kuu iendayo Sirari huuvuka mahali paitwapo Kirumi. Kila mwaka wageni husafiri kutoka pembe zote za dunia, na kamera zao ghali, ili wawaone nyumbu wakivuka Mara. Watoto wetu huvuka vijito kila asubuhi na daftari zao kichwani, wala hakuna awapigaye picha. Tunalisema hili bila ya kuwaonea wageni kijicho.

Maana mbali na mto wenyewe kuna mito na vijito vingine, Tighite upande wa Tarime, Grumeti upande wa Serengeti, na vingi ambavyo majina yake yanajulikana na wenyeji peke yao. Juu ya vijito hivyo ndipo yalipo madaraja tunayoyapita zaidi. Hapo hupita ng'ombe waendao mnadani, akina mama wenye mikungu ya ndizi, vijana wa bodaboda wakiwa na abiria wawili na gunia la mahindi, na wazee warudio usiku kutoka msibani. Daraja la mita 30 juu ya kijito si habari ya kuandikwa katika magazeti. Lakini mtu aangukaye kutoka juu yake anaanguka kama vile angeanguka kutoka daraja kubwa.

Sheria ya Musa iliwahi kulifikiri jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, Waisraeli waliamriwa kwamba mtu ajengapo nyumba mpya auzungushie ukuta mfupi juu ya dari, ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba hiyo. Tukumbuke kwamba nyumba za nchi ile zilikuwa na paa tambarare. Watu walianika nafaka huko juu, wakapumzika jioni, wakalala wakati wa joto. Tuitazame sheria hii kwa makini. Haiulizi kama aliyeanguka alikuwa amelewa, wala kama alikuwa mtoto asiyesikia maonyo. Haimpi mjenzi nafasi ya kusema kwamba fedha zilimwishia alipofika kwenye paa. Damu inakuwa juu ya nyumba, yaani juu ya yule aliyekuwa na uwezo wa kuweka ukingo akauacha.

Tusidhani kwamba ni maneno ya kale yasiyotuhusu. Dominika ya tarehe 24 Julai 2022, jioni, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa liliacha njia kwenye Daraja la Nithi, katika kaunti ya Tharaka Nithi nchini Kenya, likavuka ukingo na kuanguka bondeni hadi mtoni. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Mahali hapo palikuwa pamejulikana kwa ajali kwa miaka mingi. Hatusemi kwamba ukingo ungetibu breki mbovu au mwendo wa kasi, au mteremko uliochorwa vibaya. Ukingo hautibu kitu. Kazi yake ni kusimama mwisho, wakati kila kitu kingine kimekwisha kushindwa, na kwa sababu hiyo haufai kuwa hafifu.

Sasa, mbona mara nyingi kingo ndizo huachwa? Hapa yafaa tuelewe mwenendo wa kazi, maana wengi wetu huona matokeo tu. Daraja hujengwa kuanzia chini kwenda juu. Kwanza ni kuchimba na kuweka misingi, halafu kuta za kingoni mwa mto, halafu sakafu, halafu kujaza udongo na kushindilia pande zote mbili ili barabara ifike. Kingo huja mwishoni kabisa, pamoja na alama na rangi. Basi kila gharama inayozidi huko chini hula fungu la kilicho juu. Wachimbaji wakikuta tope mahali walipotazamia mwamba, msingi utakwenda chini zaidi, na fungu la dharura litakwisha hapo. Mvua za vuli zikiondoa udongo uliokwisha kushindiliwa, kazi itarudiwa. Hatimaye hufika siku ambapo daraja linapitika, fedha zimebaki kidogo, na katika orodha ya kazi imebaki mistari michache. Mstari wa kingo upo pale, nao hauna mtu wa kuutetea. Msingi ulijitetea wenyewe, kwa kuwa bila msingi hakuna daraja. Sakafu nayo ilijitetea. Kingo hutetewa na mtoto atakayepita hapo jioni, na mtoto huyo hakualikwa katika kikao.

Tuwe waadilifu lakini. Si kila gharama inayozidi ni wizi, na Mkristo asiyelitambua hilo atawasingizia watu wema, jambo ambalo nalo ni dhambi. Tuchukue mfano wa hesabu, nao ni mfano tu. Daraja lina urefu wa mita 30. Mkadiriaji anasema, kingo ni za pande mbili, kwa hiyo ni mita 60, naye anaandika bei. Mhandisi akifika mahali penyewe anaona kwamba magari hayaanguki katikati ya daraja peke yake; mengi huacha njia kabla ya kufika, pale barabara inapoanza kubanwa. Kwa hiyo kila ncha yahitaji kingo zinazoanzia barabarani, tuseme mita 10. Ncha ni nne, na mita zimeongezeka 40. Kazi iliyokuwa ya mita 60 imekuwa ya mita 100, na gharama imepanda kwa theluthi mbili, wala hakuna aliyeweka hata senti mfukoni. Makosa yalifanyika mezani, katika kukadiria mahali ambapo mtu hakwenda kupatembelea. Ndiyo maana Bwana anamwambia mjenzi akae chini kwanza.

Mfano mwingine ni wa aina ya kingo. Mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi humsaidia mwenda kwa miguu asiteleze, hayamzuii lori. Ukuta wa zege wenye nondo unaweza kulirudisha gari barabarani, lakini nondo zake ni lazima zitoke ndani ya sakafu ya daraja yenyewe, zifungwe kabla zege halijamwagwa. Kikao kinachobadili mawazo baada ya sakafu kukauka, kikasema sasa tunataka ukuta badala ya mabomba, kinaagiza kutoboa, kutia nondo upya, na pengine kuimarisha ukingo wa sakafu usiokuwa tayari kubeba uzito huo. Bei inapanda kwa sababu ya swali lililoulizwa mwezi mmoja baada ya wakati wake.

Tena kuna bei za dunia ambazo hakuna diwani wala mhandisi azitawalaye. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, mafuta na chuma vilipanda bei, na mkandarasi aliyekuwa ametoa bei yake mwaka uliotangulia alijikuta ananunua nondo kwa fedha asizozihesabu. Na lipo jambo jingine ambalo ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelitaja mara nyingi: riba inayolipwa kwa makandarasi kwa kuwa walicheleweshewa malipo yao. Fikirini, wapendwa. Mkandarasi amefanya kazi, hati ya malipo imetiwa saini, fedha hazikufika kwa wakati, na sasa umma unalipa zaidi kwa kazi ile ile, pasipo kuongezewa hata mfuko mmoja wa saruji. Wakati huo vibarua wa mkandarasi nao hawajalipwa. Mtume Yakobo anaandika kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio hicho kinafika masikioni mwa Bwana. Mwenye kukalia karatasi ya malipo ofisini wiki tatu bila sababu asidhani kwamba hajamgusa mtu.

Baada ya kusema hayo, tuuseme na uovu kwa jina lake. Kuna gharama zinazozidi kwa kuwa zilipangwa kuzidi. Zabuni hushushwa bei makusudi ili ishinde, na aliyeshinda huleta nyongeza baada ya nyongeza akijua kwamba daraja lililoachwa katikati ya mto litawaumiza wananchi kuliko yeye. Kokoto hupimwa kwa lori lisilojaa. Nondo nyembamba huandikwa kuwa ni nene. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2409, inapoieleza amri ya saba inaorodhesha pamoja na wizi unaojulikana na wote kazi iliyofanywa vibaya, ankara za kughushi, matumizi ya kupita kiasi na ubadhirifu. Yaani mwenye kulipua kazi amewekwa kundi moja na mwizi. Katika mahubiri yetu tumezoea kumtaja mwizi wa ng'ombe, na huku kwetu tuna sababu. Twaona kwamba haki yadai tumtaje na huyu.

Tena tusiunyoshe mkono kuelekea ofisini peke yake. Mradi unapofika kijijini, bei ya mchanga hupanda usiku mmoja. Jirani aliyemuuzia jirani yake mchanga wa kujengea nyumba kwa bei fulani juzi, leo anautoza mradi maradufu, akisema, "Fedha ni za serikali." Fedha hizo zimetoka wapi? Zimetoka katika kodi ya sukari na mafuta ya taa tunayonunua. Katika vijiji vya Nyamongo pengine zimetoka katika fungu ambalo mgodi hutoa kwa ajili ya jamii, na katika baadhi ya vijiji vya Serengeti zimetoka katika utalii, kama vile kwa njia ya hifadhi ya jamii ya Ikona. Chanzo ni tofauti lakini mwenye fedha ni yule yule, naye ni huyo aliyetozwa maradufu.

Halafu linakuja jambo la chuma. Kingo zikishawekwa, wapo wanaokuja usiku na msumeno. Mabomba hukatwa, skrubu hufunguliwa, hata alama za barabarani hung'olewa, na asubuhi huuzwa kama chuma chakavu kwa bei isiyotosha kununua mbuzi. Kwa sababu hiyo wahandisi huona ni heri kujenga kingo za zege, ijapokuwa ni ghali zaidi na ni nzito zaidi kwa daraja. Basi mwizi huyo amepandisha gharama hata kabla hajaiba. Anahesabiwa tayari katika makadirio. Namba ile ile ya Katekisimu inasema kwamba kuharibu mali ya umma kwa makusudi kunadai malipizi. Mwenye kuungama kwamba aliuza bomba la daraja hatoki kitubioni akiwa na sala tatu tu za kusali. Analo bomba la kurudisha, au thamani yake. Na anayenunua chuma hicho akijua kilikotoka, analo sehemu lake.

Je, kazi ya kingo ikizidi gharama bila hila, tufanyeje? Tuangalie mfano wa mbali. Huko San Francisco, Marekani, kuna Daraja la Golden Gate lililofunguliwa mwaka 1937. Kingo zake zilikuwa fupi, na kwa miongo mingi watu waliokata tamaa ya maisha walipotelea hapo. Mwaka 2008 wenye daraja waliamua kutandaza wavu wa chuma chini ya kingo. Mwaka 2014 fedha zilizopitishwa zilikuwa dola milioni 76. Wakandarasi walipoleta bei zao, ilionekana kwamba kazi ingepita dola milioni 200. Ikaanza, ikachelewa, wakandarasi wakaenda mahakamani kudai zaidi, na wavu ukakamilika Januari 2024. Nchi tajiri namna hiyo, yenye wahandisi wengi namna hiyo, ilikosea makadirio kwa zaidi ya maradufu. Lakini katika miaka yote hiyo wazazi wa waliokufa walikuwa wakihudhuria vikao vya bodi, mwaka baada ya mwaka, mbele ya watu wote, wakikumbusha kazi ile ilikuwa ya nini. Hesabu zilipanda na zikajadiliwa hadharani. Kazi haikufutwa kimyakimya. Tangu wavu uwekwe, vifo mahali hapo vimepungua sana. Na kama yupo anayetusikiliza asubuhi hii ambaye moyo wake umelemewa kama wa watu wale, asibaki peke yake na mzigo huo. Amwendee leo hii padre, katekista, muuguzi, au ndugu anayemwamini.

Maandiko nayo yana mfano wa kazi ya umma iliyokwama. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, mfalme Yoashi aliagiza Hekalu litengenezwe kwa fedha zilizokuwa zikiletwa na watu. Ulipofika mwaka wa 23 wa utawala wake, makuhani walikuwa hawajaziba hata ufa. Fedha zilipokewa, kazi haikuonekana. Tunapenda kulitaja hili kwa sababu waliokuwa na mikono ya kubana hapo walikuwa ni makuhani, na Maandiko hayakuwaficha. Ndipo kuhani Yehoyada alipochukua sanduku, akatoboa kifuniko chake, akaliweka karibu na altare. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja, si mmoja peke yake, wakazifunga katika mifuko na kuwakabidhi wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, waashi na wachonga mawe, wakanunua mbao na mawe. Na kuna neno moja ambalo msomaji mwenye haraka hulipita: fedha hizo hazikutumiwa kutengenezea vikombe vya fedha wala tarumbeta za Hekalu. Vyombo hivyo vilikuwa vitakatifu, tena vizuri. Lakini fungu la ukarabati lilikuwa la ukarabati.

Hapo tunaona kwamba fungu la kingo laweza kulindwa tangu mwanzo, liandikwe peke yake, lisichanganywe na fungu la dharura la msingi. Msingi ukizidi gharama, zitafutwe fedha za msingi. Isiwe desturi kwamba kingo ndiyo benki ya kukopa bila kurudisha. Na ikibidi kupunguza, yako mengi ya kupunguza kabla ya kugusa kingo. Tumewahi kuona jiwe la ufunguzi lenye marumaru, mahema ya kukodi, fulana za sherehe na soda za wageni, katika siku ambayo daraja lenyewe lilifunguliwa likiwa wazi pande zote mbili. Jiwe la marumaru lilikuwa na kingo, kwa maana lilizungushiwa mnyororo.

Ikiwa fedha hazipo kabisa kwa mwaka huo, bado kuna la kufanya wakati wa kungoja. Mapipa yaliyojazwa mawe na kupakwa chokaa, nguzo fupi za zege kila baada ya hatua mbili, kamba ya kuwazuia ng'ombe wasibanane pembeni, mtu mzima wa kuwavusha watoto wakati wa mvua: hivi si kingo, na mtu asije akaviita kingo katika taarifa yake akafuta deni. Lakini huonyesha ukingo ulipo kwa mtu apitaye gizani.

Sasa tunawaendea makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo, kwa jambo ambalo tunajua linawasumbua. Kazi nyingi ndogo za vijijini siku hizi hufanywa kwa kutumia mafundi wa hapo hapo, na wananchi huchaguliwa kuingia katika kamati: ya ununuzi, ya ujenzi, na ya mapokezi. Watu wakitafuta mwaminifu wa kuingia katika kamati ya mapokezi, mara nyingi humtazama katekista. Ni heshima, tena ni mtego. Lori linafika saa moja jioni. Karatasi inasema mifuko 100 ya saruji. Iliyoshushwa ni 80. Dereva ana haraka, fundi anangoja, na mtu mwenye cheo anapiga simu kusema kwamba mifuko mingine inakuja kesho, tia saini tu. Saini ile haina harufu ya wizi. Hakuna fedha iliyopita mkononi. Lakini kesho isipofika, mifuko 20 itatafutwa mahali pengine, nayo itatoka katika mstari wa mwisho wa orodha, na mstari wa mwisho tumekwisha kuujua. Andika 80. Andika tarehe na saa, na mwenzako wa kamati aandike jina lake chini ya lako, kama walivyohesabu wawili katika sanduku la Yehoyada. Ukiulizwa kwa ukali, jibu kwa adabu kwamba ulihesabu mifuko 80. Tunajua kwamba huenda usichaguliwe tena, na kwamba kuna watu ambao hawatakusalimu njiani. Hatuwezi kukuahidi vinginevyo. Paroko wako na ajue, ili usiubebe mzigo huo peke yako. Na jambo likizidi nguvu za kijiji, mhandisi wa wilaya yupo, diwani yupo, na Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ina ofisi zake.

Wengine mtauliza kama ni kazi ya Mkristo wa kawaida kuuliza habari za mita na nondo. Madaraja makubwa yako chini ya Wakala wa Barabara, na yale ya vijijini na mijini yako chini ya wakala wake ulioanza kazi mwaka 2017. Wao wana wataalamu. Ni kweli, na mtaalamu apewe heshima yake. Mtu asisimame mkutanoni akamfundisha mhandisi kupanga nondo. Lakini kuuliza fedha ziko wapi hakuhitaji shahada. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inaagiza mkutano mkuu wa kijiji ukutane walau mara moja kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Tunajua mikutano hiyo ilivyo: watu wazima hukaa chini ya mti nusu saa, taarifa husomwa kwa haraka, na wengi huondoka kabla ya mengineyo. Akina mama, ambao ndio huvuka vijito mara nyingi zaidi kuliko wote, hukaa nyuma na kunyamaza. Tungependa katika mkutano ujao mmoja wao asimame.

Mvua za vuli ziko karibu. Kabla hazijaanza, jumuiya zilizo jirani na daraja linalojengwa au lililojengwa zinaweza kutuma watu wawili wenye kamba ya kupimia, wakapima urefu wa pande zote mbili na zile ncha nne, wakaandika kilichopo na kisichopo. Waende na karatasi hiyo mkutanoni. Taarifa itakaposomwa, waulize mambo mawili: kingo zilitengewa shilingi ngapi, na zimebaki ngapi. Kisha waketi, wangoje jibu, na mwandishi wa mkutano aliandike katika muhtasari kama lilivyotolewa.

Tumsifu Yesu Kristo.